Rangi ya Nakhumicha

Kwenye ploti yetu ya Langas mtoto akizaliwa hatuendi kumwona mikono mitupu. Tunabeba sukari, kipande cha sabuni na unga wa wimbi wa uji wa mzazi, na tunabeba pia midomo yetu, ambayo afadhali tungekuwa tunaiacha nyumbani. Mimi ni fundi wa nguo, watu huniita Mama Eliakim. Cherehani yangu iko barazani karibu na geti na mtu haingii wala hatoki bila kunipita, kwa hivyo haya ninayoyasema ama niliyaona kwa macho yangu, ama niliambiwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Nekoye. Alikuja hapa akiwa ameolewa na Wesonga, kijana wa kupakia magunia ya mahindi kwenye maghala. Wote ni watu wa Kimilili. Nekoye aliuza sukuma, managu na mrenda kando ya barabara ya lami, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mkono safi wa kufunga mafungu. Lakini ukimuulizia hapa kwetu hakuna ambaye angekuelekeza kwa urefu wala kwa mafungu. Wangekwambia, yule mama mweusi wa mboga, yule mweusi kabisa. Mimi nilimwona mzuri, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Aprili, watu wakiwa wanapanda, wakamwita Nakhumicha kama desturi yao inavyotaka kwa msichana wa msimu huo. Jina hilo pia lilikuwa la marehemu mama wa mama mkwe wake. Kwa hivyo huyo mama mkwe, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, alipofika kutoka nyumbani alimpokea mtoto akimwita Mayi, maana yake mama, na hakuwa anatania. Kwao mtoto akipewa jina, mwenye jina amerudi.

Na mtoto alizaliwa mweupe. Sasa, watoto wetu karibu wote huzaliwa hivyo, na rangi yao huja baadaye kwa mwendo wake. Ndiyo maana wanawake wana kipimo chao. Wanainua kofia ya mtoto, wanaangalia ncha za masikio na chini ya kucha, kwa sababu huko, wanasema, rangi ya kweli hufika mapema. Siku ile tulikuwa tumejaa chumbani, jiko katikati, nje kunanyesha. Kukhu akainua kofia.

"Msidanganyike na hii," akasema. "Angalieni masikio. Huyu ni mama yake mtupu."

"Masikio haiwezi kukudanganya," mwingine akaitikia, na wakacheka.

"Si mbaya," akasema wa tatu. "Bora afya."

Hiyo "si mbaya" iliniudhi, nikatoka nikisema naenda kuanua nguo, kana kwamba mvua haikuwa imeshazilowesha. Kabla sijatoka nilimwona Nekoye akicheka na wenzake huku mkono wake ukiirudisha ile kofia. Aliivuta mpaka karibu na macho ya mtoto.

Alikuwa na mazoezi ya kucheka namna hiyo. Shuleni aliitwa Makaa, na hata walimu walilizoea jina. Shangazi yake alikuwa akimsifu mbele ya wageni kwamba ana bidii na ana akili, Mungu hakumnyima vyote. Siku Wesonga alipompeleka kwao mara ya kwanza, binamu mmoja aliuliza, stima ikipotea usiku, taa zikizima, huyu utamtafuta aje? Nyumba nzima ikaangua kicheko, Kukhu akiwemo, Wesonga akiwemo, na mchumba mwenyewe akacheka kuwashinda wote. Kwenye picha alisimama nyuma. Picha moja tu aliipenda, ya zile simu ambazo hukusafisha uso bila kukuomba ruhusa, na alipomtumia mama yake, mama aliuliza huyo ni nani.

Basi Nekoye aliogopa. Sitafuti neno lingine. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe, yeye alikuwa ameshazoea. Aliogopa kwamba kile kitu kilichomfuata maisha yake yote kimeshafika kwenye masikio ya mtoto wake na sasa kinateremka. Kila asubuhi kabla ya kumnyonyesha alimvua kofia aone kimefika wapi.

Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha vipodozi cha msichana anayeitwa Ashley. Aliuza nywele za bandia, rangi za kucha, na krimu alizozichanganya mwenyewe kwenye ndoo na kuwapimia wateja katika vikopo visivyo na maandishi. Uso wake ulikuwa mweupe wa kung'aa, na viungo vya vidole vyake vyeusi. Hakuwa msichana mbaya. Alijipaka kile alichouza.

"Ni yako, siste?" Ashley alimuuliza Nekoye alipofika kuulizia krimu.

"Ni ya mtoto."

"Kwani mtoi ni mblaki?"

"Hapana, ni mweupe. Nataka tu abaki vile ako."

"Ah, hiyo ni ya kumeinteini tu," Ashley akasema, akachota kwa kijiko. "Nakupimia hii soft. Changanya na jeli yake, asubuhi na jioni. Na usitangaze, watu wa ploti wako na maneno."

Nekoye alianza na masikio peke yake. Alijiambia kwamba masikio ni kitu kidogo. Baadaye akaona uso utakuja kutofautiana na masikio, akapaka uso, kisha shingo, kisha mtoto mzima, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kumtoa nje kwenye jua. Kopo alilificha ndani ya mkebe wa chumvi juu ya kabati. Mtu akibisha hodi alikuwa ananusa mikono yake kwanza ndipo afungue.

Na ile krimu ilifanya kazi. Hilo ndilo jambo ambalo wanaotuhubiria juu ya vitu hivi hawalisemi. Nakhumicha hakubadilika rangi, na juu ya hayo akaanza kunenepa. Alinenepa mpaka mashavu yakakaribia mabega na shingo ikapotea. Watu walichanganyikiwa naye. Kanisani akina mama walipokezana kumpakata mpaka mahubiri yakaisha bila yeye kurudi kwa mamake. Kwenye foleni ya kliniki wanawake asiowajua walimpiga picha.

"Unampea nini huyu?" waliuliza.

"Maziwa yangu tu."

"Basi wewe uko na maziwa. Na ni wewe mama yake kweli?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa na mwiba, lakini Nekoye aliupokea pamoja na sifa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu walimwona akija na nyuso zao zikachangamka. Walinunua mboga ili wamshike mtoto, na wengine walianza kumwita kwa jina. Alikuwa na furaha na alikuwa na hofu, na vyote viwili vililala kitanda kimoja.

Mimi nilimshonea Nakhumicha gauni la kwendea kanisani, na kipimo chake kilinisumbua. Kifua kilitaka kitambaa cha mtoto anayetembea, na urefu ulikuwa wa mtoto mchanga. Nikamwambia Nekoye, huyu anapanuka lakini harefuki. Nikamwonyesha na nywele laini zilizoota kwenye paji la uso mpaka karibu na nyusi, na ngozi ya mapaja iliyokuwa nyembamba kiasi cha kuona mishipa. Watoto wa umri wake walikuwa wameanza kukaa, yeye ukimkalisha alianguka upande.

"Mama Eliakim, wewe unaona tu makosa," Nekoye akaniambia, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. "Watu wote wanasema ako na afya."

"Watu wote hawashoni nguo," nikamjibu, kwa sababu hasira zangu haziko mbali. Tulinuniana kwa muda. Sikujua kwamba yote niliyomwonyesha alikuwa ameshayaona zamani, na kwamba alikuwa akiyaangalia kila siku mlango ukiwa umefungwa.

Mwezi wa kumi mambo mawili yalimjia pamoja. La kwanza, Wesonga aliondoka na malori kwenda Moiben, mavuno yalikuwa yameanza, na Kukhu akatuma ujumbe kwamba anakuja kukaa na mjukuu, yule "mama yake", mpaka Wesonga arudi. Kukhu huwa haachii mtu kuosha mtoto. Huosha mwenyewe, hupaka mwenyewe, na pua yake hujua maziwa yameharibika yakiwa bado kwa jirani. La pili, kwenye simu Nekoye alikutana na video ya mwanamke akionyesha mgongo wake uliopasuka kwa krimu kama zile. Aliitazama sauti ikiwa imezimwa.

Asubuhi iliyofuata alilitoa kopo kwenye mkebe wa chumvi, akalitupa ndani ya choo cha shimo, akaapa mbele za Mungu kwamba hatarudia. Nilimwona akirudi kutoka chooni akiimba pole pole. Nikadhani Wesonga amepiga simu.

Toba ile ndiyo ilikaribia kumuua mtoto.

Siku za kwanza za Kukhu zilikuwa nzuri. Aliosha, alipaka jeli, aliimba, hakunusa chochote. Halafu Nakhumicha akaanza kukataa ziwa. Akatapika. Akawa analala mchana kutwa, na ukimwamsha halii, anafungua macho nusu na kuyafunga. Asubuhi moja Kukhu aliniita kutoka kwenye cherehani, na yeye si mtu wa kuitaita watu. Nilimshika mtoto miguu, ilikuwa baridi, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye zile nywele za paji la uso. Niliinua mkono wake nikauachilia, ukaanguka kama kitambaa. Nimezaa watoto watano, lakini mkono kama ule sikuwa nimeushika.

"Hii ni jicho," Kukhu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmemtembeza kila mahali watu wakimsifu. Wanamshika, wanampiga picha. Mtoto kama huyu hatembezwi."

Alijua mwanamke mmoja ng'ambo ya mto anayefuta jicho. Humpaka mtoto samli tumboni, anakanda, anavitoa vitu ambavyo macho ya watu yameviingiza. Sikubisha. Mama yangu mzazi alinipeleka kwa watu kama hao na mimi bado niko. Tukamfunga mtoto kwenye shali, Kukhu akambeba kifuani, tukashika njia.

Nekoye alitembea nyuma yetu. Baadaye aliniambia kilichokuwa kichwani mwake, na aliponiambia hakuniangalia. Alikuwa amepata nafuu. Jicho ni kosa la watu wengine. Mtoto akifa kwa jicho, mama huliliwa pamoja na mtoto, hapewi lawama. Kipande kizima cha njia ile, mtoto wake akiwa amelegea kwenye kifua cha bibi yake, alikuwa akijiambia, ni jicho, ni jicho, na kila akisema hivyo miguu yake ilikuwa ikizidi kuwa mizito. Alikuwa ameshaunganisha. Mtoto alikuwa mzima akipakwa na akaanza kuzima alipoachishwa, na hakuna jicho linalofuata siku namna hiyo.

Tulifika pale njia inapogawanyika, moja inateremka mtoni na nyingine inapanda kwenye lami. Kukhu akashika ya mtoni. Niligeuka nikaona Nekoye amesimama.

"Mama," akasema. "Si jicho."

"Wewe umejua aje?"

"Si jicho. Twende hospitali."

"Nimekuuliza umejua aje."

Nekoye alimfuata Kukhu, akaweka mikono yake chini ya mtoto, na kwa muda wote wawili wakawa wamemshika, hakuna anayevuta, hakuna anayeachilia. Nakhumicha akatapika kidogo, maji tu, hata hakukohoa. Mimi nikakimbilia lami nikasimamisha pikipiki mbili.

Hospitalini hatukukaa foleni. Nesi wa mlangoni alishika miguu ya mtoto mara moja akamchukua. Daktari alikuwa msichana anayeitwa Jelagat, mdogo kiasi kwamba Kukhu alinong'ona kama hakuna mwingine. Lakini alifanya haraka na mikono yake ilikuwa imara. Walimtoboa kidole wakapima sukari, ilikuwa imeanguka sana. Presha pia ilikuwa imeanguka. Wakamwekea maji ya sukari kwenye mshipa, mtoto akafungua macho, nikasema asante Yesu, na baada ya muda mfupi akayafunga tena akawa baridi vile vile.

"Kuna dawa yoyote amekuwa akitumia?" Daktari Jelagat aliuliza.

"Hakuna," Kukhu akasema. "Ananyonya tu."

"Ya kunywa au ya kupaka. Hata ya kienyeji."

"Anapakwa jeli. Mimi ndiye nampaka, kwa mkono wangu."

Daktari alikuwa akiziangalia zile nywele za paji la uso, na mapaja. Akamgeukia Nekoye. "Mama, na kabla nyanya hajakuja?"

"Jeli tu," Nekoye akasema.

Niliusikia uongo ule, na ninyi pia mngeusikia. Daktari aliusikia. Hakukasirika. Alisogea karibu na kusema kwa sauti ya chini kwamba hakuja hapo kushtaki mtu, ila mwili wa mtoto unakosa kitu na yeye hajui ni kipi, na akikisia vibaya hatakuwa na muda wa kukisia tena.

Nekoye alisimama pale. Baadaye aliniambia aliyoyaona kichwani mwake. Aliona polisi. Alimwona Wesonga akimrudisha kwao, na Kukhu akibaki na mtoto. Aliwasikia wanawake wa ploti wakisema, yule mweusi aliionea haya damu yake mwenyewe. Upande mwingine alimwona Nakhumicha. Na kwa muda ule, aliniambia, aibu ilikuwa kubwa kuliko kifo cha mtoto. Alipima vyote viwili na aibu ikawa nzito zaidi. Jambo hilo ndilo humwogopesha hadi leo, kwamba kipimo cha namna hiyo kilikuwa ndani yake na hakuwa amejua.

Kukhu alikuwa ameinamia kitanda, ameshika kidole kimoja cha mtoto.

"Mayi," alikuwa akisema. "Mayi, amka. Usiniache mara ya pili."

"Nilikuwa nampaka krimu ya kuwa mweupe," Nekoye akasema. "Mwili yote. Tangu akiwa mdogo. Nilitupa kabla mama hajakuja."

Daktari alikuwa ameshageuka akiita nesi na kutaja sindano. Mambo yalienda kasi, tukasukumwa nyuma ya pazia, na tuliyoyaelewa tulielezwa baadaye, mtoto akiwa ameshachomwa. Kwenye krimu zile watu huchanganya dawa kali. Mwili wa mtoto hutengeneza kitu kama hiyo dawa wenyewe, kidogo kidogo, ndicho kinachoushikilia. Ukimpaka kutoka nje, mwili unapumzika, unaacha kutengeneza. Ule unono haukuwa afya, ulikuwa ni dawa. Na ukiacha kupaka ghafla, anabaki hana ya ndani wala ya nje.

"Kwa hivyo ni kuacha ndiyo ilimfanya hivi?" Nekoye aliuliza.

"Ni kupaka," daktari akasema. "Na kuacha mara moja. Ungekuja, tungeipunguza pamoja na wewe pole pole."

Tukabaki sisi watatu kwenye benchi. Kukhu alikuwa ameufunua mkono wake juu ya goti na kuutazama, ule aliopakia jeli. Nilikuwa nimejiandaa kuwatenganisha. Lakini alipoongea hakupaza sauti.

"Ulitaka nini?" alimuuliza Nekoye.

"Nilitaka asiitwe vile niliitwa."

"Nani alikuita?"

"Ni nyinyi," Nekoye akasema. "Ni nyinyi, mama."

Kicheko cha siku ile ya stima kilimrudia Kukhu, nina hakika, kwa sababu alivuta kitambaa chake cha kichwa akajifunika macho. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hofu ya kusikia viatu vya nesi vikija. Kila pazia lilipotikisika tulisimama wote watatu. Mvua ilinyesha ikaacha. Jua lilikuwa limeanza kushuka nesi alipokuja akasema mtoto anatafuta kitu kwa mdomo, mama aje. Nekoye aliingia akamweka kwenye ziwa. Mtoto alinyonya vibaya, akaachia, akalia. Kilio kile kilikuwa kibovu, cha kukwaruza, na Kukhu akakaa sakafuni.

Walikaa hospitali wiki tatu, kisha wakawa wanarudi kliniki na dawa ya kupunguzwa tone kwa tone. Wesonga alipotoka Moiben aliambiwa yote, na alikaa nje kwenye jiwe la kufulia mpaka chai ikapoa. Hakumfukuza mtu. Kesho yake alichukua beseni akamwosha mtoto mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa ploti walilizungumzia zaidi kuliko ugonjwa.

Nakhumicha alirefuka. Mashavu yaliyeyuka, shingo ikaonekana, akakaa bila kushikwa. Rangi yake ikaja, ikawa ya mama yake kweli kweli. Na mnajua watu walisema nini? Walisema mtoto ameisha. Walimpa Nekoye pole njiani. "Na alikuwa mrembo aki," wakasema, mtoto mwenyewe akiwa anawacheka mgongoni kwa mama. Niliwahi kumfukuza mmoja barazani kwangu na nguo yake ikiwa haijamalizika.

Wiki chache baada ya Krismasi tulikuwa barazani, mimi kwenye cherehani, Nekoye kwenye mkeka akichambua managu, mtoto wake mapajani. Geti likafunguka akaingia Njambi, mke wa Gikonyo wa duka la kona, amejifungua mvulana tangu Agosti na hatukuwa tumemwona mara nyingi kwa sababu ya baridi. Aliketi, akafungua shali kwa fahari.

"Oneni mtu yangu," akasema.

Mtoto alikuwa mweupe, anang'aa, mashavu yanakaribia mabega. Kwenye paji la uso kulikuwa na nywele laini. Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani.

"Anakaa vile Nakhumicha alikuwa, si ni ukweli?" Njambi akasema. "Ashley ndiye aliniuzia. Aliniambia ni ile ulikuwa unapaka wako. Ako na picha yake kwa simu, anaonyesha wateja."

Nekoye hakusogea. Mikono yake ilikuwa bado kwenye mboga. Nilidhani atanyamaza, na sikumlaumu, maana alikuwa amesema mara moja na mara moja ilimtosha mtu. Halafu akaanza kusema, tangu kwenye masikio mpaka kwenye sindano, bila kujihurumia na bila kuharakisha. Njambi alimsikiliza huku uso ukimwisha damu. Kabla maneno hayajaisha alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko wa nepi, akatoa kikopo kisicho na maandishi, akasimama kuelekea chooni.

Nekoye alinirushia Nakhumicha, akaruka juu ya mkeka akamkamata kifundo cha mkono.

"Usitupe."

"Si umesema ni sumu?"

"Ni sumu. Na saa hii ndiyo inamshikilia. Mimi nilitupa, Njambi. Usitupe, na usipunguze na akili yako. Funga mtoto, tunaenda kwa daktari na hiyo kopo waione."

Njambi alianza kulia. "Nitawaambia nini? Gikonyo hajui. Mama yake hajui. Niende nisimame pale niseme nilimfanyia mtoto hivi?"

"Ee. Utasema hivyo."

"Nitaona haya, Nekoye."

"Utaona," Nekoye akasema, akimfungia leso mgongoni. "Mimi bado naona. Twende."

Wakatoka getini saa ambayo barabara imejaa watu wa sokoni, Njambi mbele na mtoto mgongoni, Nekoye nyuma yake, ameshika lile kopo mkononi, wazi, kila mtu akiliona.